Hesabu wanaoinuka kutunza, usihesabu viti

Video yangu ya kwanza niliiweka mtandaoni mwaka 2021. Ilikuwa na dakika kumi na moja. Simu niliiegemeza kwenye chupa ya maji, nusu ya kichwa changu iko nje ya picha, na bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, peke yake ilikwenda dakika tatu kabla sijafungua mdomo. Wiki nzima ikaangaliwa mara 41. Mama yangu mdogo wa Chukwani peke yake aliiangalia mara sita, kakiri mwenyewe.

Leo wanaonifuata TikTok wamepita 23,000, Instagram ni 9,000 na kitu, na YouTube wamejiandikisha 1,400. Mbele ya vijana wa singeli hizi ni hesabu za kitoto, najua. Lakini mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, naimba taarab asilia, napiga udi, ile ala ya nyuzi, sina meneja wala lebo, mchana nashona nguo Jang'ombe. Na siku hizi msimu wa harusi ukifika, mialiko mingi inatoka mitandaoni. Mmoja ulikuwa wa Muscat, tiketi nimelipiwa. Wadogo zangu wasanii wananiuliza nimefanyaje, na nimechoka kurudia kwa sauti za WhatsApp. Naandika mara moja, mtanisoma.

Kwanza tuelewane kuhusu kutunza, yaani kumpa mwimbaji noti akiwa anaimba, maana kila nitakachosema kinatoka hapo. Aliyekaa kwenye taarab anaijua hali yenyewe. Ukumbini kuna watu mia tatu, wanakula, wanakaguana nguo, nusu yao hata hawakusikilizi. Unafika mstari fulani. Mama mmoja kule nyuma anainuka, anakuja polepole huku anacheza, noti kaibana kati ya vidole viwili. Anapita makusudi mbele ya mtu anayemjua yeye, anaitikisa ile noti, ndipo anakupa. Yule hakutunza sauti yako. Katunza mstari, kwa sababu mstari umemsemea kitu ambacho mwenyewe hakuweza kukisema.

Mtandaoni mambo ni yaleyale. Anayepita na kuacha moyo mwekundu amekaa kitini. Anayemtumia shoga yake video yako na maneno “sikiliza hii, si ndiyo yako?” huyo kainuka kutunza. Kila programu ina sehemu inayoonyesha video imetumwa mara ngapi na imehifadhiwa mara ngapi. Angalia hapo kabla ya kuangalia mioyo. Mimi nina video ya mioyo 4,000 ambayo haikuniletea hata simu moja, na nina nyingine ya mioyo 300 iliyoniletea harusi tatu.

Mstari mmoja, si wimbo mzima

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuwapa watu wimbo kama ninavyouimba ukumbini. Ukumbini mtu hana pa kwenda, kaja na gari ya kukodi na pilau bado haijatoka. Kwenye simu ana kidole. Kwa hiyo sasa naanza na mstari ule wanaoinukia watu, bila bashraf, bila “assalaam alaykum wapendwa wangu”, bila jina langu kwa maandishi makubwa. Mstari, kiitikio, basi. Sekunde thelathini, arobaini.

Utajuaje ni mstari upi? Usijiulize wewe, waulize waliokutunza. Kila nikirudi kwenye shughuli huandika kwenye daftari la vipimo vya nguo: tunzo zimekuja kwenye ubeti gani, na nani alianza. Asiyeimba taarab ana njia yake. Wa bongo fleva aangalie watu wanaimba naye wapi, mchoraji aangalie watu wanasogea karibu na kipande gani cha picha.

Nakupa mfano wangu mmoja. Niliuimba ubeti huu mwenyewe, nikiwa nimekaa barazani, udi peke yake:

*Nalikupa langu tanga, ukaenda na jahazi,*
*Sasa watafuta kanga, ya kufutia machozi.*

Nikayaandika maneno kwenye video, herufi kubwa nyeupe, kwa sababu watu wengi huangalia simu sauti imezimwa, wako kwenye daladala au kando ya mtoto aliyelala. Na taarab bila maneno ni kelele za nyuzi. Chini yake nikauliza swali moja tu: fumbo hili kapigwa nani?

Jamani! Mmoja akasema ni mume aliyesomeshwa na mkewe. Mwingine akasema hapana, ni siasa. Bibi mmoja wa Pemba akaandika aya nzima kuhusu mtoto aliyejengewa nyumba akawasahau wazee. Wakaanza kujibizana wao kwa wao, mimi nimeketi pembeni na mashine yangu ya kushonea. Siku ya pili akatokea mtu akaandika: “Huyu kaazima kitu chake kwa jirani hakikurudi.” Nikampa moyo huyo peke yake, nikanyamaza. Wakazidi kuwaka.

Mpaka leo sijasema. Ningesema siku ile ile, mazungumzo yangekufa pale pale. Ukiwa na kitu chenye fumbo, wimbo au picha au kinyago, usikifumbue. Waachie watu wafanye kazi hiyo, ndiyo inayowarudisha.

Wala si jambo jipya hili. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab wa Unguja, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri zile zikauzwa pwani nzima. Sauti alikuwa nayo, lakini aliimba pia kesi za mahakamani na dhuluma za mitaani, mambo ambayo wasikilizaji waliyajua na walikuwa bado wanayabishania. Ukitaka watu wakufuate, imba kile wanachokizungumza wakiwa wanasuka ukili.

Sauti kwanza, picha baadaye

Watu watakuvumilia picha mbaya. Sauti mbaya hawaivumilii. Nilinunua taa ya duara kabla ya maikrofoni, ujinga huo nauungama. Taa sasa anaitumia binti yangu kujipodoa. Mwanga wa dirisha unatosha, kaa ukilielekea, usilipe mgongo.

Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, kile cha waya kinachochomekwa kwenye simu, kilinibadilishia kazi yote. Kwa udi usikibane kifuani maana utasikika unavyopumua. Mimi nakibana kwenye mtandio upande wa bega la kushoto, kinaangalia chini, kinapata nyuzi na mdomo kwa pamoja. Kipande ninachopigia nimekikata kwenye chupa ya shampuu, kwa sababu kile kigumu cha dukani kinagonga ubao na ile “tak tak” inaingia yote.

Chumba kitupu kina mwangwi. Natundika kanga nne ukutani nje ya picha na godoro nimelisimamisha nyuma ya simu. Forodhani usirekodi sauti, upepo wa bahari utakula kila kitu. Kule nenda kachukue picha tu, sauti uirekodi ndani. Na mpangilie muadhini. Mimi huanza baada ya adhuhuri na nahakikisha nimemaliza kabla ya alasiri. Nikichelewa, udi naulaza mapajani nasubiri. Niliwahi kuiacha adhana ikasikika nyuma ya wimbo wa mapenzi, nikaitwa na mzee wa mtaa, na alikuwa na haki.

Siku moja ya kurekodi inanitolea video tano. Nabadilisha mtandio tu. Hakuna aliyewahi kugundua, au kama kagundua kanistahi.

Harusi za watu si studio yako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka wa pili wa kuposti niliimba kwenye sherehe ya wanawake. Simu nilimpa msichana mmoja anirekodi. Kiitikio kikapanda, tunzo zikamiminika, nyuma yangu ukumbi wote umesimama. Nilirudi nyumbani saa nane usiku, nikakata sekunde hamsini, nikaposti kabla ya kulala. Alfajiri simu inaita. Mama wa bi harusi. Hakunigombeza. Alinisalimia, akanijulia hali ya watoto, kisha akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, yule wa gauni la kijani umemuona?”

Wa gauni la kijani alikuwa mgeni wao. Mtandio kauvua, anacheza na wanawake wenzake kama inavyoruhusiwa pale, milango imefungwa. Mpaka nafuta, video ilikuwa imeshaangaliwa mara elfu sitini, na imeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, pamoja na grupu la wakwe zake. Nilikwenda na mama yangu mzazi kuomba radhi. Tulikaa kwenye jamvi, chai ililetwa, sikuweza kuinywa. Walinisamehe kwa mdomo. Shughuli ya mdogo wa bi harusi walimwita mwimbaji mwingine.

Tangu hapo simu inaniangalia mimi, na nyuma yangu ni ukuta au pazia, si watu. Naomba ruhusa kwa mwenye shughuli siku tunayopatana bei, si ukumbini wakati kila mtu ana haraka. Ninachoonyesha cha wageni ni pindo za magauni, miguu, na mikono inayoleta noti. Hata mikono ina mambo yake: hina na piko ya bi harusi inatambulika mtaa mzima, na pete pia. Basi kabla ya kuposti namtumia mama mwenye shughuli ile klipu kwanza. Akisema toa, natoa.

Ajabu ni kwamba video za mikono ndizo zinazopendwa zaidi. Mtu anaona noti inashuka, vidole vina hina, uso haonyeshwi, anaanza kukisia.

Saa, siku na miezi

Ushauri wa “posti kila siku” sikuuweza na sijutii. Naposti mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Ijumaa. Ijumaa huwa saa tatu usiku. Sababu ni Oman: wao wako saa moja mbele yetu, na mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo saa nne usiku yao bado wako macho, wamekaa na ndugu, na katika nyumba nyingi Kiswahili bado kinazungumzwa na nyimbo za nyumbani zinawauma. London wakati huo ni jioni, saa kumi na mbili au saa moja kulingana na majira yao. Nenda kwenye takwimu za akaunti yako uone wasikilizaji wako wako miji gani. Mimi nilidhani ni Dar, kumbe mji wa pili baada ya Unguja ni Muscat.

Usiku wa kuamkia Ijumaa siposti kabisa. Watu wanasoma uradi, na hata asiyesoma hapendi aonekane kaipenda taarab saa hiyo.

Mwezi wa Ramadhani siimbi. Hapo naonyesha vitu vya pembeni: nabadilisha nyuzi kumi na moja za udi, nashona nguo za sikukuu, nafundisha maneno magumu ya mashairi ya zamani bila muziki. Wafuasi hawapungui kama unavyoogopa. Kisha Idd inaingia, Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, una harusi, na hapo video ziwe tayari kwenye simu kwa sababu hutapata nafasi ya kurekodi. Shaaban vilevile, kila mtu anataka kuoza kabla ya mfungo. Februari kuna wageni wengi kwa ajili ya Sauti za Busara, tamasha la muziki la hapa Unguja linalofanyika tangu mwaka 2004. Wiki ile ndiyo pekee ninayoweka tafsiri ya Kiingereza chini ya maneno. Wiki nyingine zote Kiswahili peke yake. Nilijaribu kuchanganya mwaka mzima, nikawapoteza mabibi wa Pemba na wazungu sikuwapata.

Wapi uweke nini

TikTok ni ya kupatwa na wasiokujua. Instagram ni ya wanaotaka kukuajiri, wanakagua kama una adabu na nguo nzuri. Video moja naipeleka kote, lakini naitoa kwenye galari ya simu, ile safi. Usipakue video TikTok ikiwa na alama yao ukaipeleka Instagram. Instagram walishasema wazi tangu 2021 kwamba video zenye alama ya programu nyingine hawazipendekezi sana kwa watu.

YouTube nimeifanya ghala la nyimbo kamili. Ili uanze kulipwa kwa matangazo wanataka waliojiandikisha 1,000 na saa 4,000 za kuangaliwa ndani ya miezi 12, au video fupi ziangaliwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ile 1,000 nimeipita. Saa 4,000 bado. Zipige hesabu: ni dakika 240,000. Wimbo wangu wa dakika kumi uangaliwe wote, mwanzo mpaka mwisho, mara 24,000. Na dakika za video fupi watu wanazopitia kwa kidole hazihesabiwi humo. Kwa hiyo usiache kushona.

Sasa WhatsApp, ambayo vijana wanaidharau na ndiyo inayonilisha. Nina orodha za kutangazia, kila moja inachukua watu 256. Ujumbe unamfikia kila mtu peke yake kama umemwandikia yeye, hakuna grupu, hakuna kelele. Lakini haumfikii asiyehifadhi namba yako. Basi kila shughuli nina vikadi vidogo, na simpi mtu kadi hivi hivi. Namwambia, “Toa simu bibie, niandike mbele yako.” Anaandika “Taarab Udi”, namwambia vizuri, kesho utapata wimbo. Na kesho anapata kweli. Video mpya inawafikia hao kwanza, nusu saa kabla sijaiweka kwingine, wakishaipenda wanaisukuma wenyewe kwenye stetasi zao.

Kuhusu nyimbo za zamani: nyingi zina wenyewe. Vikundi vyetu vya taarab vina umri, Ikhwani Safaa ni cha mwaka 1905 na Culture Musical Club ni cha 1958, na mashairi yao yana watunzi wenye watoto na wajukuu. Ukiimba ya mtu, mtaje mtunzi na aliyetia muziki kwenye maelezo, na ukitaka kuiuza nenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ukaulize kwanza. Usiweke santuri ya mtu nyuma ya video yako ukadhani mashine haisikii. Mimi walinizimia sauti, nikabaki nachezesha mdomo kama samaki.

Niliponunua watu

Nimenunua pia, nisijifanye mtakatifu. Kijana mmoja alinishawishi, nikampa shilingi 30,000, asubuhi naamka nina wafuasi 5,000 wapya. Majina yao sikuweza hata kuyatamka. Nikaposti wimbo mzuri kabisa, ukaangaliwa na watu 90. Ninavyoelewa, programu ikishaona maelfu ya wafuasi wako hawagusi video, inaamini video ni mbaya, inaacha kuwaonyesha hata wale wa kweli. Ni kama kukodi viti mia tano ukavipanga ukumbini: picha inapendeza, hakuna anayeinuka. Nilikaa miezi miwili nawatoa mmoja mmoja kwa mkono, usiku, huku naangalia tamthilia.

Saa ya kwanza baada ya kuposti simu iko mkononi. Namjibu kila mtu, na simjibu kwa emoji peke yake. Mtu akiniambia kanikumbusha bibi yake, namuuliza bibi alikuwa wa wapi, aliipenda taarab ya nani. Wapo wanaoniambia niogope Mungu niache kuimba. Hao siwajibu na siwafuti, wana haki ya kusema na mimi nina kazi. Anayemtukana mama yangu namfungia mlango bila kumuaga. Anayeuliza bei namhamishia kwenye namba ya kazi, laini tofauti na ile ya nyumbani, kwa sababu mume wangu alichoka kupokea simu za mabibi harusi saa tano usiku.

Video ya Ijumaa hii nimeshairekodi. Jogoo wa jirani ameingia katikati ya kiitikio, kaingia kwa ufunguo wake mwenyewe. Nilitaka kurudia, nikaisikiliza tena. Nimemuacha. Muscat kuna mtu ataniuliza habari zake.